Dema Limejaa, Lakini Limejaa Nini?

Habari za joto la bahari zikifika kwetu pwani hupokewa kwa namna moja. Mtu anasoma kwenye simu, anainua macho kutazama dikoni, anaona mitungo ya samaki inashushwa kama jana, anarudisha simu mfukoni. "Si hao hapo?" Kesi imekwisha. Wanaoziandika habari hizo nao wanachangia, maana huandika kana kwamba tutaamka siku moja tukute bahari tupu. Watu wanasubiri hiyo siku, haiji, wanaacha kuwasikiliza.

Ninalotaka kusema mimi ni dogo kuliko hilo, na kwa maoni yangu ndilo la kuogopa. Kwa samaki wa chini, yaani changu, chewa, tasi, pono, mkundaji na jamaa zao wote wanaoishi mwambani, kwenye majani na kwenye mchanga, joto mara nyingi halianzi kwa kuwamaliza. Linaanza kwa kubadilisha nani anaingia demani, ndani ya ule mtego wetu wa kusukwa. Mizani haioni mabadiliko hayo. Kilo ya tasi na kilo ya changu kwake ni kilo.

Samaki wa juu tuwaweke kando mapema. Jodari, nguru na vibua ni wasafiri. Maji yakiwachosha wanahama, na mvuvi mwenye injini na mafuta anawafuata. Samaki wa chini ana kwao. Chakula chake kiko chini, maficho yake yako chini, na watoto wake wanalelewa kwenye majani ya bahari au kwenye mikoko iliyo jirani. Chewa mkubwa utamkuta pango lile lile mwaka baada ya mwaka, mpaka atokee mwenye mshipi wa bahati. Maji yakimpata joto ana mambo mawili tu: ashuke kinani, au abaki avumilie.

Kushuka kunawezekana pale ambapo sakafu ya bahari inateremka pole pole. Kwenye Bahari ya Kaskazini, iliyo kati ya Uingereza na Norway, kuna rekodi za nyavu za kukokota za miaka mingi, na watafiti walipozipitia waliona samaki wa chini kwa jumla wamekuwa wakiteremka kama mita 3.6 kila miaka 10. Utafiti mwingine wa huko, uliotoka mwaka 2005, ulitazama aina 36 za samaki wa chini na kukuta karibu theluthi mbili zimehama, ama kwenda kaskazini ama kushuka, katika muda wa miaka 25. Samaki wale wana pa kwenda, angalau kwa sasa.

Kwetu hesabu ni nyingine. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania ina ukanda mwembamba wa maji ya kuvulia: unatoka ufukweni, unapita majani, unapita mwamba, na baada ya hapo ni kilindi. Mkondo wa Pemba, yaani maji yaliyo kati ya kisiwa hicho na bara, una kina cha mamia ya mita. Na hata kama kina kipo, si kila samaki anakitaka. Tasi anakula majani na mwani, na hivyo vinaota pale jua linapofika. Hawezi kuufuata ubaridi gizani aache chakula juu.

Kwa hiyo samaki wetu wengi wanabaki. Na kubaki kuna gharama yake, ambayo sijaona mahali ilipoonekana waziwazi kama Alaska. Najua Alaska ni mbali na barafu yao si shida yetu, lakini kule wana vipimo vya kila msimu, na jambo linaonekana kama liko mezani.

Kati ya mwaka 2014 na 2016 maji ya kaskazini mashariki mwa Pasifiki yalipata joto lisilo la kawaida. Halikuishia juu; lilishuka mpaka wanakoishi cod, samaki wa chini aliyekuwa nguzo ya uvuvi wa Ghuba ya Alaska. Samaki kama huyu hana joto lake mwenyewe. Maji yakipanda, mwili wake unakwenda mbio, anahitaji kula zaidi kila siku hata kama haendi popote. Miaka ile ile vyakula vyake navyo vilipungua. Samaki akawa na njaa kubwa kwenye meza ndogo. Isitoshe, mayai ya cod hukaa sakafuni na hutaka ubaridi wa kiwango chembamba sana. Yakipata joto zaidi ya hapo, machache ndiyo yanayoanguliwa. Walipopita na nyavu za kupimia mwaka 2017 walikuta samaki wamepungua kwa zaidi ya theluthi mbili ukilinganisha na mwaka 2015. Mgao wa kuvua wa mwaka 2018 ukakatwa kwa asilimia 80. Mwaka 2020 uvuvi wa cod kwenye maji ya serikali kuu katika ghuba ile ukafungwa kabisa.

Sasa tazama upande wa pili wa rasi ya Alaska, kwenye Bahari ya Bering. Huko chini hubaki dimbwi la maji baridi sana, chini ya nyuzi 2, yanayoachwa na barafu ya kipupwe. Dimbwi lile lilikuwa ua: cod hawakupenda kulivuka. Barafu ilipokosekana, ua ukaanguka, na cod wakaonekana kwa wingi kaskazini ambako zamani walikuwa wachache. Kaa wa theluji waliokuwa wakijificha ndani ya ubaridi ule wakafa. Wataalamu walikisia zaidi ya bilioni 10, na mwaka 2022 uvuvi wao ulifungwa kwa mara ya kwanza. Miaka ile huku cod walikuwa wameisha, kule wamejaa, na kaa hakuna. Ungewauliza wavuvi wawili wa nchi moja, mmoja angekwambia joto limemfilisi na mwingine angekuuliza joto gani.

Lakini aliyenishawishi si mvuvi wa Alaska. Ni wa Ushelisheli, kwa sababu yeye anavua kama sisi, kwa mtego uliosukwa, na anayevuliwa ni yule yule tasi wetu. Kenya wanamwita tafi.

Mwaka 1998, El Niño ilipopandisha joto la Bahari ya Hindi, matumbawe yalipauka kuanzia Maldivi mpaka kwetu. Tumbawe ni mnyama anayelishwa na mwani mdogo sana anayeishi ndani yake. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 tu, yakakaa hivyo kwa majuma kadhaa, mwani ule hutolewa nje na tumbawe hubaki jeupe, lina njaa, na mara nyingi hufa. Visiwa vya ndani vya Ushelisheli vilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai. Ungetarajia mitego ya mwaka 1999 irudi mitupu. Haikurudi mitupu.

Tumbawe lililokufa halianguki siku ile ile. Linabaki limesimama kama nyumba iliyohamwa, kuta zipo, mapango yapo, na samaki waliokwisha kukua wanaendelea kukaa. Miaka inapita, mawimbi na wadudu wanaotoboa wanalimega, linabomoka kuwa kifusi. Hapo ndipo watoto wa samaki wanapokosa mahali pa kujificha. Watafiti waliorudi Ushelisheli mwaka 2005 na kulinganisha na vipimo vya mwaka 1994 walikuta hasa samaki wadogo ndio waliopungua, hata katika aina zinazovuliwa. Wakubwa walikuwa bado wanaogelea. Nani angeliona hilo dikoni? Mvuvi analeta wakubwa, na wakubwa walikuwepo.

Baadaye kabisa miamba ikagawanyika. Kati ya miamba 21 waliyokuwa wakiifuatilia, 12 ilikuwa njiani kupona kabla joto la mwaka 2016 halijaja tena, na 9 ilikuwa imegeuka mashamba ya mwani mrefu wa kahawia. Iliyopona ilikuwa zaidi ile yenye mapango na vichaka vingi, na ile iliyo kwenye maji ya kina zaidi.

Na mitego? Makala moja ya kisayansi ya mwaka 2019, iliyochukua miongo miwili ya rekodi za uvuvi wa mitego kule, ilikuta mavuno hayakushuka. Yalibaki pale pale au yakaongezeka. Aliyeongezeka ni tasi, kwa kuwa ni mla mwani na mwani ndio uliotawala. Anakua upesi, anazaa upesi, na shamba lake limepanuliwa bure. Lakini mavuno yenyewe yalikuwa ya kuyumba, leo mengi kesho machache, na yaliegemea aina chache kuliko zamani. Utafiti mwingine wa mwaka 2022 wa visiwa vile vile ulikuta hata lishe haikupotea: samaki wa miamba iliyogeuka mwani walikuwa na madini ya chuma na zinki kwa wingi.

Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilifurahi, nakiri. Kisha nikaenda kaskazini mwa Unguja kumtembelea ami yangu anayetega madema, na furaha ikapata maswali.

Ami hapendi kusaidiwa kuvuta. Analipandisha dema kwa kamba pole pole, anasimama likiwa bado nusu majini, anachungulia ndani. Halafu analiegemeza ubavuni mwa mtumbwi, maji yanachuruzika kwenye matundu ya mianzi, anafungua kifuniko cha ubavuni na kulikung'uta. Tasi wanaporomoka wakipiga mikia. Hawashiki kwa mkono, maana miiba ya tasi ina sumu na mkono unaweza kuuma siku nzima. Anawasukuma na kipande cha ubao kuelekea nyuma ya mtumbwi. Tasi, tasi, tasi, pono mmoja, kangaja wadogo wawili, tasi. Kisha anaingiza chambo kipya, mwani uliochanganywa na kombe waliopondwa, anaangalia kama mawe ya kuzamishia bado yamefungwa vizuri, analirudisha.

"Tasi mtupu, ami," nikamwambia.

"Tasi si samaki?"

"Ni samaki."

"Basi."

Tukavuta jingine, naye mwenyewe akalirudia suala bila kuulizwa. "Tasi ni mtamu na ana wateja, sina ugomvi naye. Lakini zamani mtungo wangu ulikuwa na changu, mkundaji, hata chewa mdogo. Dalali akiushika anaanzia juu. Siku tasi hayupo, changu yupo. Siku changu hayupo, nina pono. Sasa mimi nina tasi, na yule pale ana tasi, na wa Nungwi ana tasi. Siku tasi akikataa, tumekataliwa sote pamoja."

Wale watafiti walihitaji kurasa nyingi na hesabu ngumu kuyasema hayo. Mavuno ya kuyumba ukiyasikia darasani ni mstari wa kupanda na kushuka kwenye karatasi. Nyumbani ni mama anayekwenda dukani akakope unga bamvua hili, yaani siku hizi za maji makubwa, kwa ahadi ya bamvua lijalo, na mwenye duka ambaye zamani alikubali haraka sasa anauliza maswali.

Hapa lazima niseme jambo kwa haki. Siwezi kuchukua mtungo wa ami nikaunyooshea joto peke yake kidole. Wavuvi wameongezeka, juya za kukokota zimepita juu ya majani na matumbawe, macho ya nyavu yamekuwa madogo, na pwani ya bara baruti ilipiga miamba kwa miongo kadhaa. Changu na chewa ndio wa kwanza kulipa madeni hayo: chewa hukua polepole, wengi wao huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wakishakuwa wakubwa, kwa hiyo ukiwavua wakubwa wote umeondoa madume. Joto linaingia kwenye nyumba ambayo tayari ina nyufa. Anayetaka kujua nyufa ngapi ni za nani atasubiri sana, na mimi namshuku yeyote anayetoa jibu la asilimia kamili. Ninachojua ni kwamba magharibi mwa Bahari ya Hindi pamepata joto, kufikia nyuzi 1.2 kwa miezi ya kiangazi cha nusu ya kaskazini ya dunia kati ya mwaka 1901 na 2012, na kwamba matumbawe yalipauka tena mwaka 2016 na mwaka 2024. Mwanya wa kupumua kati ya joto na joto unazidi kuwa mfupi. Miamba iliyopona Ushelisheli ilihitaji zaidi ya miaka 10.

Waliotangulia kuona, kwa kweli, ni wanawake wa mwani. Maji ya kina kifupi ya mashariki ya Unguja yalipoanza kuchemka wakati wa kaskazi, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, kotoni, ilikuwa ikioza na kukatika kambani. Wakabaki na spinosamu yenye bei ndogo, au wakalazimika kufuata maji ya kina ambako wengi wao hawajui kuogelea. Kilo zipo, thamani imeondoka. Ni hadithi ile ile ya dema, imetangulia kufika nchi kavu.

Kwa hiyo nilikwenda kumwona bwana diko, anayeandika mavuno yanayoshushwa, nikaomba nitazame daftari lake. Si daftari baya. Tarehe ipo, chombo kipo, zana ipo, kilo zipo, na aina ipo pia. Lakini siku ya harakaharaka, na pwani kila siku ina haraka, safu ya aina inajazwa kwa neno moja: mchanganyiko. Ndani ya neno hilo changu anaweza kuondoka na tasi akaingia, na daftari likaendelea kusema mavuno ni mazuri. Nikamwambia. Akanijibu kwa upole kwamba boti zinafika kwa pamoja, dalali anapiga kelele, na yeye ni mmoja. Ana haki. Tukakubaliana jambo dogo: hata kama hawezi kupima kila mtungo, siku moja ya kila bamvua apime dema moja kamili, aina kwa aina, na urefu wa samaki kwa rula. Urefu ndio unaosema kama watoto wanakuja. Kule Ushelisheli waliopungua kwanza walikuwa wadogo, na kilo hazikusema.

Ami nilimpa kazi ngumu zaidi. Kenya wamejaribu kwa miaka kadhaa malema, ndivyo wanavyoyaita madema, yenye upenyo mwembamba uliosimama kwenye kona, wa upana wa sentimita chache, ambao samaki mdogo na yule mwembamba asiye na bei hupita akatoka, na mnene hubaki. Ukimwacha tasi mdogo atoke na akapata miezi ya kukua, atakuwa amezaa kabla ya kurudi demani. Ukimwacha kangaja atoke, mwamba umebaki na mla mwani mmoja zaidi, na tumbawe changa limepata nafasi ya kushika. Hakuna mvuvi wa Unguja atakayepunguza joto la bahari kwa dema lake. Moshi unatoka kwingine, na wanaoutoa ni matajiri kuliko sisi. Lakini mwamba wenye walaji mwani wengi una nafasi nzuri zaidi ya kurudi baada ya kupauka, na hilo liko mikononi mwetu.

Ami alisikiliza yote. Akatia upenyo kwenye madema yake machakavu, si mapya, akisema anataka kuona kwanza. Vidogo vilipungua, kama ilivyotarajiwa, na waliobaki walikuwa na bei. Hakulalamikia hesabu. Alilalamikia jirani.

"Tasi ninayemwachia mimi anakwenda wapi? Anakwenda kwenye dema la yule. Mimi namlea, yeye anamla. Akitia upenyo na yeye, nitatia kwenye yote."

Nikamfuata jirani, mtu mzima, nikampa shikamoo, nikamweleza. Akacheka. Akaniambia hana tatizo hata kidogo na upenyo, ni kitu cha maana, na atautia kwenye madema yake yote siku ami yangu atakapoutia kwenye yale mapya. Mambo yote mawili sasa yamepelekwa kwenye kamati ya uvuvi ya shehia, na kikao ni maji mafu yajayo, siku za maji madogo, wakati wanaokwenda baharini ni wachache.